Maswali ya Wasomaji: Kuotesha violeti kwa jani katika baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Barua za toleo hili zimetoka Njombe, Mbeya, Iringa, Tukuyu na Mafinga, nazo zote zinahusu ua moja: violeti ya Afrika, ua dogo la chunguni lenye majani manene yenye manyoya laini na maua ya zambarau, waridi au meupe, ambalo linapendwa kwa sababu hukubali kukaa ndani ya nyumba na kuchanua pasipo jua kali. Sifa yake nyingine, ambayo ndiyo iliyowafanya wasomaji washike kalamu, ni kwamba jani lake moja, likiatikwa vizuri, huzaa miche mipya. Sikuzipanga barua hizi kwa tarehe zilizofika. Nimeanza na ile yenye msiba mkubwa zaidi, kwa kuwa majibu yake yatazisaidia zinazofuata.

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Njombe mjini. Mwezi Julai mwenzangu alinikatia majani manane ya violeti yake, nikayapanda kwenye kopo la maziwa lenye udongo mweusi nilioutoa bustanini, nikawa nayamwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Baada ya wiki mbili vikonyo viligeuka rangi ya kahawia na kulainika kama ndizi iliyopitiliza kuiva, na mwezi ulipokwisha sikuwa na jani hata moja. Mwenzangu anasema yake huota bila kubembelezwa, ila yeye aliyapanda Desemba. Nimekosea wapi? (Mwalimu, Njombe)

Marahaba, mwalimu. Jibu umeliandika mwenyewe pale uliposema kwamba mwenzako alipanda Desemba. Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko unaokaribia meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na katika Juni na Julai kuna asubuhi ambazo umande huganda mabondeni. Violeti kwa asili ni mmea wa misitu yenye kivuli na joto la wastani. Jani lake hutoa mizizi vizuri katika nyuzijoto 20 hadi 24, na joto likishuka chini ya 16 au 15 kazi hiyo karibu isimame kabisa. Sasa fikiria hali ya jani lililokatwa. Halina mizizi, kwa hiyo halinywi maji unayolimwagia. Linaishi kwa akiba iliyomo ndani yake huku likijaribu kuziba kidonda cha pale lilipokatwa. Baridi inapolichelewesha, vimelea vya kuozesha vilivyomo kwenye udongo wa bustanini, ambavyo hupenda unyevunyevu na haviogopi sana baridi, hupata nafasi ya kuingia kwenye kidonda kilichobaki wazi. Kwa hiyo majani yako hayakufa kwa kiu wala kwa kukosa mbolea. Yalikufa kwa sababu baridi na maji viliyakuta pamoja. Kila kimoja peke yake jani hukivumilia kwa muda, lakini vikikutana halina ujanja. Nami nakiri kwamba niliyajua haya kwa gharama kama yako: mwaka wangu wa kwanza wa kazi katika wilaya ya baridi nilipoteza majani kumi na sita, na nikawa namlaumu aliyenigawia.

Jambo la kwanza, basi, ni msimu. Kwa Njombe, Makete na Mufindi ningekushauri uatike kuanzia nusu ya pili ya Septemba hadi Novemba, wakati kipupwe kimekwisha na mvua za masika hazijashika sawasawa. Jani la Oktoba litakuwa limetoa watoto kufikia Januari, na miche itakuwa na mizizi ya kutosha kabla baridi haijarudi mwezi Mei. Anayeishi Mbeya mjini au Iringa, ambako kuna joto kidogo zaidi, anaweza pia kuatika Februari na Machi.

Jambo la pili ni udongo, na hapa naomba univumilie nikieleza kwa kirefu, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapa. Udongo mweusi wa bustanini unafaa sana kwa kabichi, lakini ndani ya kopo hujikandamiza, hushika maji na kufukuza hewa, ilhali kikonyo cha violeti kinahitaji hewa kuliko kinavyohitaji rutuba. Vitabu vya nje vitakuelekeza ununue mawe meupe mepesi yaliyookwa kiwandani, ambayo huku ni vigumu kuyapata. Huna haja nayo. Anayeishi Mbeya na Rungwe anakanyaga kitu kinachofanya kazi ileile kila siku: yale mawe mepesi yenye matundu matundu, yanayoelea ukiyatia majini, yaliyotapikwa na milima yetu ya volkano zamani. Yaponde, yachekeche upate punje zenye ukubwa kama wa mchele, uzioshe vumbi liishe. Changanya sehemu moja ya punje hizo, sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa na kuchekechwa, na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kufikia kuwa majivu. Pumba hizo zioshe kwa maji mengi kabla ya kuzitumia, kwa kuwa zina chumvi za majivu na violeti hupendelea udongo wenye uchachu kidogo. Wewe uliyeko Njombe, mbali na mawe hayo, tumia mchanga mnene wa mtoni uliooshwa. Mimina maji yanayochemka juu ya mchanganyiko wote, uache uchuje na kupoa, kisha ufinye konzi moja mkononi: likidondoka tone moja au mawili unafaa, yakichuruzika maji bado una maji mengi.

Jani la kukata lisiwe la pembezoni kabisa, ambalo limezeeka, wala lile changa la katikati. Chukua la safu ya kati, lililokomaa na lisilo na doa. Tumia wembe mpya au uliopitishwa kwenye spiriti, ukiacha kikonyo chenye urefu wa sentimeta 3 au 4, na ukate kwa mshazari ili eneo la kutokea mizizi liwe kubwa. Liache mezani kwa dakika ishirini kidonda kikauke. Kisha lipande likiwa limelala kidogo kwa nyuma, upande uliokatwa ukitazama juu, na kikonyo kiingie udongoni sentimeta 2 tu. Wengi hukizamisha chote hadi bapa la jani liguse udongo, na hapo ndipo uozo huanzia. Ukipenda, kata theluthi ya juu ya bapa ili jani lisihangaike kukua lenyewe badala ya kutoa watoto. Mimi hufanya hivyo kwa majani makubwa tu.

Baada ya hapo funika. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019, nimekuwa nikitumia nusu ya juu ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikiifunika juu ya kopo, na kusema kweli inafaa kuliko mfuko, kwa sababu haiangukii jani na kizibo chake hufunguliwa ukitaka kupitisha hewa. Chini ya kifuniko hicho unyevu hautoroki, kwa hiyo huenda usihitaji kumwagilia kwa wiki mbili nzima. Ile tabia ya kumwagilia kila asubuhi iache kabisa. Matone yakijaa kwenye kuta za chupa hadi usione jani, fungua kizibo kwa saa chache. Kopo nalo liwe na matundu chini. Hukuniambia kama lako lilikuwa nayo, lakini nina wasiwasi.

Ikiwa huwezi kusubiri Septemba, itakubidi utafute joto. Sehemu ya juu ya friji huwa na uvuguvugu, na rafu ya jikoni iliyo mbali na moshi inafaa pia. Mtu wa Njombe au Mafinga anaweza kuomba maranda kwenye kiwanda cha mbao, akayajaza kwenye sanduku, akayafukia makopo hadi shingoni na kuweka chupa ya maji ya moto katikati kila jioni. Ni kazi ya kila siku kwa muda wa mwezi mzima, na sidhani kama majani manane yanastahili usumbufu huo wote, lakini nimeona ikifaulu.

Baada ya wiki nne vuta jani taratibu sana kwa vidole viwili. Likikataa kutoka, limeshika mizizi.

Habari za kazi, Bibi Shamba. Nilinunua violeti sokoni hapa Mbeya ambayo maua yake ni meupe yenye mstari wa zambarau katikati ya kila petali, kama gurudumu la pikipiki. Niliotesha majani yake matano, yote yakashika, nikawagawia majirani miche kwa kujisifu. Sasa yamechanua na yote ni ya zambarau tupu, hakuna mstari hata mmoja. Jirani mmoja anadhani nimembadilishia. (Mama wa watoto wawili, Forest Mpya, Mbeya)

Mwambie jirani yako kwamba hukumdanganya, na huyo muuza maua naye hana kosa. Violeti yenye mistari ya namna hiyo ni kana kwamba ni mimea miwili iliyovaliana: tabaka la nje lina chembe za rangi moja na tabaka la ndani lina chembe za rangi nyingine, na mistari unayoiona hutokana na jinsi matabaka hayo yanavyokutana kwenye petali. Jani linapotoa mche, mche huo huanza upya kutoka chembe chache za kwenye kikonyo, nazo ni za tabaka moja tu, kwa hiyo mtoto hurithi rangi ya upande mmoja na mchoro hupotea. Violeti nyingi za rangi moja hazina tatizo hili, na mtoto wa jani hufanana na mama yake, ingawa mara mojamoja hujitokeza asiyefanana.

Ukitaka mistari ibaki, itakubidi uzidishe kwa chipukizi, maana chipukizi hukua likiwa na matabaka yote mawili yakiwa yamepangana. Angalia kati ya majani ya chini, pale kikonyo kinapoungana na shina: mmea ukizeeka huota vichwa vidogo vya pembeni. Kiache kimojawapo hadi kiwe na majani manne au matano, kisha kikwanyue kwa kijiti cha kuchokolea meno, taratibu ili usijeruhi shina la mama, ukipande chini ya nusu ya chupa kama nilivyomweleza mwalimu wa Njombe. Iwapo mmea wako hautoi vichwa, unaweza kuulazimisha kwa kuking'oa kiini cha juu kabisa cha mmea, pale majani machanga yanapochomoza. Ni ukatili kidogo na mmea utakaa bila sura kwa miezi kadhaa, lakini vichwa vitatoka. Ipo pia njia ya bua la maua. Lichunguze utaona vijani viwili vidogo vinavyotazamana chini kidogo ya maua. Kata bua sentimeta 2 chini ya vijani hivyo, ondoa maua yote, ulipande vijani vikiwa vimegusa udongo, na mche utachipuka kwenye kwapa la kijani. Njia hii ni ya polepole na hushindwa mara nyingi kuliko ile ya jani, kwa hiyo tumia mabua matatu au manne kwa pamoja.

Hiyo miche mitano ya zambarau usiitupe. Ni violeti nzima isiyo na kasoro, imekosa mchoro tu.

Kamwene Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Iringa, ninaishi hosteli, sina bustani wala mahali pa kuchomea pumba. Je, naweza kuotesha jani kwenye glasi ya maji tu? (Mwanafunzi, Iringa)

Kamwene, mwanangu. Unaweza, na kwa aliyeko hosteli ndiyo njia ninayoipendekeza, kwa sababu utaiona mizizi ikitoka na hutalazimika kulivutavuta jani kila siku kwa wasiwasi. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, ujaze glasi nyembamba au chupa ndogo ya dawa iliyosafishwa. Funika mdomo wake kwa karatasi, toboa tundu moja, upitishe kikonyo ili sentimeta 1 au 2 za ncha yake tu ziguse maji na bapa la jani libaki kavu juu ya karatasi. Badilisha maji kila wiki, na ukiona ncha imeanza kuwa laini, kata pale penye uzima uanze tena. Chupa ya rangi ya kahawia ni bora kuliko ya kung'aa, kwa sababu mwanga huotesha kijanikijani majini.

Kosa la njia hii ni kwamba mizizi ya majini hukatika upesi, na ikizoea maji hutaabika inapohamishiwa udongoni. Usiisubiri iwe mirefu na ya kupendeza. Ikifika sentimeta moja hamisha jani kwenye kopo dogo la mtindi lenye mchanganyiko mwepesi; hata mchanga uliooshwa na mboji kidogo utatosha, na mboji ya konzi mbili haikosekani kwa mtu anayelima mjini Iringa.

Ndaga fijo kwa ukurasa wako, Bibi Shamba. Mimi ni mzee mstaafu hapa Tukuyu. Violeti zangu nilizoziotesha mwenyewe zimekua vizuri, lakini majani yana madoa ya njano na kahawia kama pete, na maua hudondoka kabla hayajafunguka sawasawa. Nimepulizia dawa ya wadudu mara mbili bila mafanikio. (Mzee, Tukuyu)

Shikamoo, mzee wangu. Naomba uiweke dawa kando, kwa sababu ulivyoyaeleza madoa hayo hayafanani na kazi ya wadudu. Pete za njano juu ya jani la violeti hutokana na maji ya baridi. Maji yanayozidiwa joto na jani kwa nyuzi tano au zaidi yakiligusa, chembe zilizo chini ya ngozi ya jani huumia na kupoteza ukijani wake, na alama hiyo haifutiki hadi jani lenyewe lizeeke. Maji ya bomba na ya kijito huko Tukuyu ni ya baridi asubuhi, na mtu akiyachota na kumwagilia hapohapo anayaunguza majani bila kujua. Jaza ndoo jioni, ilale ndani ya nyumba, na umwagilie kesho yake saa nne au tano. Usimwagilie kwa juu. Weka kopo kwenye sahani yenye maji kwa dakika ishirini, linywe kutoka chini, kisha umwage yaliyobaki.

Kuhusu maua yanayodondoka, nina swali: je, violeti zako unaziweka chumba kimoja na ndizi? Nauliza kwa sababu Tukuyu ni nchi ya migomba, na nyumba nyingi huwa na mkungu unaoivishwa pembeni ya sebule au stoo. Ndizi zinapoiva hutoa hewa inayoivisha matunda mengine, na hewa hiyohiyo huangusha maua ya violeti, ambayo huathirika upesi kuliko maua mengi ya chunguni. Moshi wa mkaa nao una madhara kama hayo. Hamishia mkungu stoo, au uhamishe violeti, ukae wiki mbili utazame. Ikiwa hakuna ndizi wala moshi, uniandikie tena, tutaangalia upande wa mwanga.

Bibi Shamba, nimeazima kitabu cha Kiingereza kuhusu maua ya ndani, kinasema wakati wa baridi violeti iwekwe dirisha la kusini. Nimeiweka huko tangu Mei, imerefusha vikonyo na haina ua hata moja. Ina mwaka na nusu tangu niioteshe kwa jani. (Mama, Gangilonga, Iringa)

Kitabu chako hakijakosea, ila kiliandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya dunia, ambao jua lao la kipupwe hupita upande wa kusini. Sisi tuko kusini ya ikweta, Iringa ikiwa karibu nyuzi 8 na Mbeya karibu nyuzi 9, kwa hiyo mwezi Juni jua letu hupita upande wa kaskazini na dirisha lako la kusini hubaki kivulini mchana kutwa. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari hali hubadilika: jua la adhuhuri huhamia kusini mwa utosi wetu, na dirisha hilohilo huanza kupata mionzi. Wengi hushangaa wakiambiwa hivyo, lakini mtu anaweza kuhakikisha kwa kutazama kivuli cha mlingoti wa bendera saa sita mchana.

Dirisha lisilo na matatizo kwa mwaka mzima ni la mashariki, kwa kuwa jua la asubuhi huku kwetu ni pole na hulikausha jani polepole baada ya usiku wa ukungu. Kama huna, tumia la kaskazini kuanzia Mei hadi Agosti, ukiweka pazia jepesi kati ya kioo na mmea. Dalili utazisoma kwenye majani: vikonyo virefu vinavyonyoosha shingo kuelekea kioo vinaomba mwanga, na majani yaliyopauka na kukakamaa yamepata mwingi kupita kiasi. Zungusha kopo robo ya mzunguko kila wiki ili mmea usiegemee upande mmoja. Wakati wa usiku, hasa Julai, usogeze mbali na kioo kwa shubiri mbili, kwa sababu kioo hupoa mapema kuliko chumba.

Mche wa jani kwa kawaida huchanua ukiwa na umri wa miezi sita hadi tisa tangu uatikwe, wakati mwingine mwaka, kwa hiyo mwaka na nusu ni kuchelewa. Ukiupa mwanga, utarajie vichomozo vya maua baada ya wiki nane hivi. Kabla ya kuwaza mbolea, tazama pia ukubwa wa chungu. Violeti hukataa kuchanua kwenye chungu kikubwa; upana wa chungu uwe theluthi moja ya upana wa majani yakiwa yametandazwa, yaani mmea wa sentimeta 27 unatosheka na chungu cha sentimeta 9.

Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Mafinga, nataka kuanza kuuza miche ya violeti. Jani moja hutoa miche mingapi, na niitenge lini? Pia nimesikia ua hili ni la Tanzania. Je, naweza kwenda msituni Udzungwa nikachuma ya kuanzia bila gharama? (Kijana, Mafinga)

Marahaba. Nianze na swali la mwisho. Ni kweli kwamba violeti zote za madirishani duniani zina asili yake kwenye misitu ya Afrika Mashariki, hasa ya safu ya Tao la Mashariki hapa kwetu: Usambara, Nguru, Uluguru, na miamba ya chokaa iliyo karibu na Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover akaiandika rasmi kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameiingiza kwenye kundi la Streptocarpus, ingawa wauzaji wengi bado hutumia jina la zamani. Milima ya Udzungwa ni sehemu ya safu hiyohiyo ya Tao la Mashariki, lakini sikushauri uende huko kuchuma. Sehemu kubwa ya milima hiyo ni hifadhi, ikiwemo Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1992, na kung'oa mmea hifadhini ni kosa. Violeti za porini zina makazi madogo sana, baadhi yake zikiwa hatarini kutoweka kwa sababu ya kukatwa kwa misitu. Isitoshe, ya porini ina maua madogo yasiyomvutia mteja wa Mafinga. Omba majani matano kwa mtu mwenye violeti ya rangi moja, umlipe kwa mche mmoja utakapofanikiwa. Huo ndio mtaji wako wote.

Jani moja hutoa kwa kawaida miche miwili hadi sita, na nimewahi kupata zaidi. Utaona vijani vidogo mfano wa masikio ya panya vikichomoza kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, au baadaye zaidi ikiwa kuna baridi. Mtu anayetaka kuuza hushawishika kuitenga hapohapo, na ndivyo miche mingi inavyopotea. Isubiri hadi kila mmoja uwe na angalau majani manne na upana wa sentimeta 4 au 5. Siku hiyo toa bonge lote la udongo kwenye kopo, liache likauke kidogo ili liachie mizizi, na uitenganishe kwa vidole ukihakikisha kila mche unatoka na mizizi yake. Panda kila mmoja kwenye kopo dogo la mtindi lenye matundu chini, na uurudishe chini ya nusu ya chupa kwa wiki mbili. Baada ya hapo fungua kizibo, kisha ondoa chupa kabisa siku tatu baadaye, ili mche uzoee hewa kavu ya sebuleni bila kushtuka.

Mbolea isianze kabla ya watoto kuchomoza. Ikianza iwe ya maji, yenye virutubisho vyote vitatu vikuu, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, mara moja kila wiki mbili. Urea uiache kwa mahindi, kwani huunguza mizizi ya violeti, na samadi mbichi huleta vimbu vidogo vyeusi ambavyo watoto wao hutafuna mizizi michanga. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, vifute kimoja kimoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa kwenye spiriti, na kopo hilo ulitenge na mengine kwa mwezi mzima kabla hujampelekea mteja yeyote.

Na lile jani mama usilitupe baada ya kutenga. Likiwa bado gumu na la kijani, likate upya kikonyo, ulipande tena. Mara nyingi hukubali kuzaa mara ya pili, na mwaka juzi nilikuwa nalo moja lililozaa mara tatu kabla halijachoka.